Wembe wa babu: namna ya kuufufua bila kuumaliza

Nyembe nyingi za kukunja zinazofika kwenye meza yangu hapa Majengo, Dodoma, zimeharibiwa na usafi. Kutu ilikuwepo, sikatai, lakini kutu ya miaka sitini ingetoka kwa mafuta na subira. Kilichoumaliza wembe ni tupa, stiliwaya, au kijana mwenye grenda aliyeambiwa "ung'arishe kidogo tu". Mimi ni fundi saa. Nyembe ni kazi ya pembeni iliyonifuata kwa sababu nina lenzi ya jichoni, na kwa sababu watu wenye saa za zamani ndio hao hao wenye masanduku ya babu zao. Nitaeleza ninavyofanya ili nawe ufanye nyumbani, kwa vitu vinavyopatikana mjini hapa, isipokuwa kimoja au viwili vya kuagiza Dar.

Kabla hujashika chochote, elewa wembe huu umejengwaje, maana makatazo yangu yote yanatoka hapo. Una mgongo mnene na makali membamba, na kati yake kuna bapa mbili ambazo kwa nyembe nyingi zimechimbwa zikaingia ndani. Ukiunoa, unaulaza jiweni mgongo na makali vyote vikiwa vimegusa. Hakuna kukisia pembe. Unene wa mgongo ukilinganisha na upana wa bapa ndio unaotoa pembe ya makali, kwa kawaida nyuzi 16 au 17 hivi pande zote mbili zikijumlishwa. Sasa mtu akiupiga mgongo msasa wa nguvu ili ung'ae, amepunguza unene, na pembe imepungua bila yeye kujua. Makali yanakuwa membamba kupita kiasi, yanavunjikavunjika. Halafu anarudi kulalamika kwamba "vyuma vya siku hizi" ni vibovu, wakati chuma ni cha mwaka arobaini na saba.

Jambo la pili ni moto. Chuma hiki kilitiwa maji kiwandani kikapewa ugumu wake, na ugumu huo hauhimili joto. Makali ni membamba mno, kwa hiyo gurudumu la kung'arishia likiyagusa kwa sekunde chache tu yanapata moto kuliko unavyodhani. Ukiona rangi ya manjano kama majani makavu, au bluu, ujue pale chuma kimelainika, na hakuna kunoa kutakakokirudisha. Ndiyo maana kazi yote ninayoieleza hapa ni ya mkono. Kama kidole chako kinaona bapa lina moto, simama.

Mteja mmoja, kijana wa Kongwa, alikuja na wembe umefungwa kwenye kitambaa cha kanga.

"Shikamoo fundi. Huu wa babu. Naomba uung'arishe mpaka nijione."

"Marahaba, mwanangu. Utanyolea au utauweka kabatini?"

"Nataka ninyolee siku ya harusi yangu."

"Basi kung'aa tutaongea mwisho."

Babu yake aliendesha trekta kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951 baada ya kula mamilioni ya pauni. Matrekta yaliisha, karanga hazikuonekana, lakini vitu vidogo vya Wazungu vilibaki majumbani: mabirika, masanduku ya bati, na nyembe. Kwenye shingo ya wembe, pale chuma kinapoingia mpinini, palikuwa na maandishi Sheffield na England. Soma kila mara pale shingoni. Sheffield ni Uingereza, Solingen ni Ujerumani, Thiers ni Ufaransa, Eskilstuna ni Sweden, na miji hiyo yote ilijulikana kwa visu na nyembe. Jina la nchi likiwepo, kwa kawaida wembe umetengenezwa baada ya 1890, mwaka ambao Marekani ilipitisha sheria ya kutaka bidhaa zinazoingia kwake ziandikwe nchi zilikotoka. Jina la Solingen nalo limelindwa kisheria Ujerumani tangu 1938, kwa hiyo mji huo ukiandikwa shingoni ni dalili njema. Wembe usio na maandishi yoyote, unaong'aa toka dukani, wa bei ya soda tatu, usijisumbue nao.

Baada ya maandishi, angalia makali. Hapa ndipo unapoamua kama kazi ipo au haipo. Shika wembe mwangani, makali yakikutazama. Makali mazima hayaonekani, ni mstari mweusi. Kila kidoa kinachometameta ni pengo au ubutu. Mapengo madogo yanatoka kwa kunoa. Ufa hautoki: pitisha ukucha taratibu kutoka kwenye bapa kuelekea nje, usikatize makali, na ukinasa mahali, weka lenzi. Ufa unaopanda kuelekea mgongoni maana yake wembe umekufa, uweke kabatini kwa kumbukumbu. Kisha tazama vishimo vya kutu. Vishimo vilivyo katikati ya bapa ni makovu tu, havinyoi wala havizuii kunyoa. Vishimo vilivyofika ukingoni kabisa ni habari nyingine, kwa sababu unaponoa utavikuta ndani ya makali na kila kimoja kitafunguka kuwa pengo. Wembe wa yule kijana ulikuwa na madoa meusi bapa zote mbili, na ukingo ulikuwa safi. Nilipomwambia madoa yatabaki hakufurahi.

Vifaa. Msasa wa maji, ule mweusi wanaotumia mafundi rangi za magari, namba 600, 1000, 1500 na 2000. Upo kwenye maduka ya rangi za magari. Usikubali msasa wa mbao hata kama muuzaji anakuapia. Mafuta ya cherehani chupa moja. Mafuta ya taa kidogo. Brasso. Viwembe vya kawaida vya dukani, viwili. Tepu ya umeme. Fulana kuukuu ya pamba. Kandambili iliyochoka. Kipande cha kioo kinene, milimita 6 au zaidi, kutoka kwa fundi wa madirisha ya alumini, urefu wa shubiri moja na nusu. Mwambie akupigie msasa kingo zake. Glovu za ngozi kama unazo. Na chanjo ya pepopunda, kama hujui mara ya mwisho ulichoma lini, ikachome. Hilo silisemi kwa utani, maana utajikata, sote hujikata.

Anza na kutu. Funga mpini mzima kwa mfuko wa nailoni na tepu ili mafuta yasiingie, kisha paka bapa mafuta ya cherehani, au mafuta ya taa kama kutu ni nene, uuache usiku kucha. Asubuhi chukua kiwembe cha dukani, ukilaze karibu kabisa na bapa, ukwangue taratibu kutoka mgongoni kwenda ukingoni. Kutu nyekundu inatoka kwa maganda. Inapendeza, na ndiyo hatari yake, unataka kuendelea. Futa, paka mafuta tena, rudia jioni. Kutu nyeusi iliyo chini yake imeshikana na chuma na haiendelei kula ikiwa kavu. Kama haikukeri, iache.

Watu huniuliza kuhusu siki, na wengine kuhusu ndimu. Ni kweli siki hula kutu, lakini ikimaliza kutu inaanza chuma chenyewe, na inakuachia rangi ya kijivu iliyofifia ambayo kuiondoa inabidi usugue zaidi ya ulivyotaka kusugua mwanzo. Kwenye jembe sawa. Kwenye wembe mimi sitii siki. Jiki ndiyo usiisogeze kabisa: inaua vijidudu, na inakula chuma cha namna hii mbele ya macho yako. Ukitaka kuua vijidudu tumia spiriti, halafu futa ukauke.

Msasa sasa. Kosa la kawaida ni kuanza na namba ya chini "ili iende haraka". Fanya kinyume. Anza na 1000 ukiwa na tone la mafuta, sugua sehemu ndogo, angalia. Kama doa linasogea, endelea na hiyo hiyo. Kama halisogei kabisa, ndipo ushuke 600. Kila mkwaruzo unaouweka na 600 utakugharimu kuuondoa na 1000, na kila kuondoa ni chuma kinachotoka.

Kandambili ni kwa ajili ya hili: kata kipande cha raba yake ukubwa wa kifutio cha mwanafunzi, kizungushie msasa. Raba inajikunja na kufuata bapa lililochimbwa, wakati kipande cha mbao kingegusa mgongo na ukingo tu na kuacha katikati. Laza wembe juu ya kibao, makali yakiwa ndani ya kibao, yasining'inie nje. Funika ukingo kwa tepu ya umeme upana wa milimita mbili tatu. Kisha sugua kwa urefu, kutoka shingoni kwenda nchani, au kutoka mgongoni kwenda nje. Usisugue hata mara moja ukitoka nje kurudi kuelekea makali. Msasa ukikwama, mkono unapita, na unapopita unakutana na wembe. Mgongo usiuguse ila kwa mafuta na kitambaa.

Namna ya kujua umemaliza namba moja ni kubadilisha upande. Ukisugua 600 kwa urefu, sugua 1000 kwa mshazari. Michirizi ya urefu ikitoweka yote chini ya lenzi, rudi urefu na 1500. Ukiona mchirizi mmoja mkaidi wa 600 umebaki wakati uko 2000, una hiari mbili: kurudi nyuma au kuishi nao. Mimi huwa naishi nao, isipokuwa mteja analipa. Maji au mafuta yawepo wakati wote, na msasa uukatie vipande vipya mara kwa mara, kwa sababu uliokwisha haukati, unapasha moto tu.

Kabla ya msasa na kabla ya Brasso, tazama kama kuna maandishi au picha za dhahabu kwenye bapa. Nyembe nyingi za zamani zilipambwa hivyo. Dhahabu ile ni nyembamba mno, inaondoka kwa kusugua mara mbili, hata kwa Brasso peke yake. Ukiikuta, safisha kuizunguka kwa pamba na mafuta, basi.

Brasso yenyewe haina siri. Tone kwenye kitambaa cha fulana, sugua mpaka kitambaa kiwe cheusi, geuza, endelea, futa, osha kwa maji ya sabuni, kausha papo hapo. Maji ya visima vingi vya hapa yana chumvichumvi, na tone moja likikauka kwenye bapa lililotoka kusuguliwa linaacha alama kabla hujamaliza chai. Mimi hukausha kwa kitambaa, halafu napitisha pamba yenye spiriti, halafu mafuta.

Mpaka hapo wembe unapendeza na haukati kitu. Wengi huishia hapa wakapiga picha. Kazi ya kunoa ndiyo wembe wenyewe.

Mawe. Jiwe la kunolea la kawaida la sokoni, lile la pande mbili la visu na mapanga, ni korofi mno, likae jikoni. Unachohitaji ni jiwe la maji namba 1000, lingine 3000 au 4000, na la kumalizia 8000. Wanaopenda sana huenda mpaka 12000. Haya ndiyo ya kuagiza Dar au mtandaoni, na si ya bei rahisi. Kama mfuko hauruhusu, kioo chako kinaingia kazini: bandika msasa wa maji wa 1000 ulolowa, ulale bila kiputo wala mkunjo, kisha 2000, kisha 3000 na 5000 inayouzwa kwa wanaong'arisha rangi za magari. Kwenye msasa, vuta wembe mgongo ukitangulia, kwa sababu ukitanguliza makali utapasua karatasi na kuumiza ukingo. Kwenye jiwe ni kinyume, makali yanatangulia. Msasa utakufikisha kwenye makali yanayonyoa, ila yatakuwa na ukakasi kidogo; ngozi na dawa ya kung'arishia, nitakavyoeleza mbele, vitayasaidia.

Funika mgongo kwa tepu ya umeme, tabaka moja, lililonyooka. Tepu inaulinda mgongo usilike jiweni. Ikichakaa badilisha, kwa tabaka moja lile lile, usiweke mbili leo na moja kesho, maana pembe itabadilika. Paka ukingo wino wa makapeni pande zote mbili. Lowesha jiwe. Laza wembe, mgongo na makali vikiwa vimegusa, sukuma mbele huku ukiuvuta pembeni kidogo ili urefu wote wa makali upite jiweni, kutoka kisigino mpaka ncha. Mwishoni geuza kwa kuuviringisha juu ya mgongo. Ukiuviringisha juu ya makali umefuta ulichokifanya. Uzito wa mkono ni mdogo sana mwanzoni, na mwishoni ni uzito wa wembe peke yake.

Baada ya mipito kumi, angalia wino. Ulipofutika ndipo jiwe linapogusa. Ukikuta umefutika katikati tu, au kwenye ncha na kisigino tu, usiongeze nguvu, ongeza mipito. Nyembe zilizonolewa vibaya miaka mingi huwa na makali yaliyoliwa katikati yakaingia ndani, na hizo zinataka uvumilivu wa kweli. Zile zenye makali yaliyojipinda nje kidogo ni za kawaida, zifuate kwa kuubembea wembe taratibu jiweni.

Sasa kaa hapo hapo kwenye 1000. Narudia kwa sababu ndipo watu wanaporuka. Namba 1000 ndiyo inayokutanisha pande mbili za makali. Mawe yanayofuata yanalainisha tu kile 1000 ilichokikutanisha, hayawezi kukutanisha wenyewe. Kipimo changu ni nywele za mkono: pitisha wembe juu ya ngozi, karibu milimita moja, bila kugusa. Ukikata nywele kila mahali, kisigino, katikati na ncha, endelea. Ukikata sehemu mbili na kuruka ya tatu, rudi jiweni. Nimeona watu wana jiwe la 12000 la bei ya mbuzi wawili na wembe hauwezi hata kunyoa goti, kwa kuwa walikaa dakika tano tu kwenye 1000.

Kutoka hapo ni rahisi. Kwenye 4000 fanya mipito mpaka michirizi ya 1000 itoweke kwenye lenzi, kisha 8000, mkono ukizidi kuwa mwepesi. Osha wembe na mikono kila unapobadilisha jiwe, maana chembe moja ya 1000 ikihamia kwenye 8000 inaandika mstari katikati ya makali.

Halafu ngozi. Nenda kwa fundi viatu umwambie unataka kipande cha ngozi ya ng'ombe isiyopakwa rangi, laini upande wa juu, upana wa sentimita 6 au 7, urefu wa mkono. Dodoma hatukosi ngozi. Mkanda wa suruali wa ngozi halisi unafaa pia kama ni mpana na haujashonwa katikati. Kiwe na tundu upande mmoja la kufungia msumarini. Kitambaa cha turubai safi, upana huo huo, kinafanya kazi ya kwanza: mipito 20 kwenye turubai, 40 au 50 kwenye ngozi. Hapa mgongo unatangulia siku zote. Ngozi ivutwe ikaze, maana ikilegea inayakunja makali. Kama ulitumia msasa badala ya mawe, tafuta dawa ya kijani ya kung'arishia chuma, ipake nyembamba kwenye kipande cha pili cha ngozi, upige mipito kumi hapo kabla ya ngozi tupu. Usipake dawa kwenye ngozi ya kila siku.

Dodoma ina tatizo lake, na hili hutalikuta kwenye maelekezo ya nchi za mvua. Ni vumbi. Kuanzia mwezi wa nane upepo unapeperusha mchanga mpaka ndani ya sahani ya ugali, na chembe ya mchanga ni ngumu kuliko chuma cha wembe. Ngozi iliyoning'inia ukutani siku mbili ina chembe hizo, na ukipitisha wembe juu yake unasikia mlio mdogo wa kukwaruza. Kila mlio ni pengo. Kwa hiyo ngozi yangu inakaa ndani ya mfuko wa kitambaa uliofungwa kamba, na kabla ya kutumia naipangusa kwa kiganja kikavu, nikisikiliza kwa vidole. Kunoa nako nafanya ndani, dirisha limefungwa, hata kama joto linanisema.

Kunyoa ni somo jingine, nitasema machache. Maji ya moto na sabuni ya povu zito. Vuta ngozi kwa mkono wa pili. Wembe uinuke nyuzi 30 hivi kutoka kwenye shavu, ufuate ndevu zinakolala. Siku za mwanzo nyoa mashavu peke yake, kidevu na koo uviachie mashine. Kijana wa Kongwa nilimwambia afanye mazoezi mwezi mzima kabla ya harusi, na siku yenyewe akaniambia ameenda kwa kinyozi. Alifanya vizuri. Na wembe huu ni wa mtu mmoja. Usimwazime ndugu, usimnyolee rafiki, hata kama unaupangusa na spiriti. Damu haionekani kila mara, na maradhi yanayopita kwenye nyembe tunayajua sote.

Ukimaliza kunyoa, suuza, kausha, piga mipito kumi kwenye turubai ili unyevu uishe, uache wazi saa moja, kisha mafuta kidogo. Mafuta ya cherehani au mafuta ya mtoto. Ya alizeti, hata kama yamekamuliwa Singida jana, hapana: yanaganda yakawa gundi na kushika vumbi. Usiuhifadhi kwenye ala ya ngozi, inavuta unyevu, hasa mvua zikianza Desemba.

Limebaki la mpini. Kama haujapasuka, usiufungue. Safisha ndani kwa utambi wa kitambaa kwenye njiti, basi. Sababu mbili tu zinanifanya nifungue. Ya kwanza ni mpini uliovunjika. Ya pili ni kutu inayorudi mahali pale pale kila ukiisafisha, sambamba na mpini unapofunga. Sugua mpini kwa kitambaa chenye maji ya moto unuse: ukinuka kafuri, ni seluloidi, plastiki ya zamani inayowaka upesi sana na ikizeeka hutoa hewa yenye asidi inayokula chuma kutoka ndani. Mpini huo hauponi, unatupwa, mbali na jiko. Kuna na ile inayofanana na pembe ya ndovu. Mara nyingi ni seluloidi pia, lakini ukiona michirizi myembamba inayokatana kama wavu kwenye kichwa cha mpini, inaweza kuwa pembe yenyewe. Pembe ya ndovu bila kibali ni nyara za serikali kwa sheria yetu ya 2009, kwa hiyo usiuze wala kusafiri nayo kabla ya kuuliza ofisi ya wanyamapori.

Kwa mpini mpya hakuna mti unaoushinda mpingo. Omba vipande vya mabaki kwa wachongaji, vina ukubwa wa kutosha. Mbao mbili za unene wa milimita 3, zilizochorwa kwa kufuata mpini wa zamani, na kipande kidogo cha kabari mwishoni ili zisigusane. Vaa barakoa unapopiga msasa, vumbi la mpingo linawasha ngozi na kifua. Kung'oa ribiti ya zamani, ile pini inayoshika wembe mpinini, tumia tupa ndogo kukata kichwa chake juu ya washa, kile kiduara cha chuma kilicho chini ya kichwa, kisha isukume kwa msumari butu. Ribiti mpya ni kipande cha fimbo ya shaba ya kuchomelea ya milimita 1.6, ikiwa na washa ndogo ya shaba kila upande. Acha izidi milimita moja juu ya washa, weka kwenye chuma kigumu, ugonge pembeni pembeni kwa nyundo ndogo mpaka kichwa kijikunje. Gonga pole, ukigeuza upande kila mara. Fungua na funga wembe kila baada ya mapigo machache: usilegee ukaanguka wenyewe, wala usikaze mpaka uhitaji nguvu. Ukifungwa, makali yaingie katikati bila kugusa ubao wowote. Yakigusa kushoto, gonga kidogo kichwa cha ribiti upande wa kulia, ufunge tena uangalie.